Siku Tuliyoinua Mikono Darasani

Neema mjukuu wangu,

Huku Ihanda hatujambo. Kahawa imeanza kuiva, na mama yako alikuja Jumapili kutoka Chapwa, goti lake limepona.

Umeuliza kama nilipokuwa shule niliielewa kalkulasi, maana wewe unafikiria kuacha chuo kwa ajili yake. Sikuielewa. Kidato cha tano nilikuwa nanakili ubao mzima, kisha najificha kulia. Wenzangu waliitikia kwa vichwa, nikaamini mjinga ni mimi peke yangu.

Siku moja Atupele, msichana niliyekaa naye dawati moja, akasimama. "Samahani mwalimu, mimi nimepotea tangu mwanzo."

Mwalimu akaweka chaki chini. "Nani mwingine amepotea?"

Nikainua mkono. Nilipogeuka, karibu darasa zima lilikuwa limeinua.

Mwalimu hakukasirika. Alifuta ubao, akachora mlima. "Ukiupanda huu, wapi utachoka zaidi?" Tukamwonyesha. "Basi hesabu hii inauliza hilo tu. Hapo uliposimama, mwinuko ni mkali kiasi gani?"

Tukaanza upya. Alama zangu hazikuwa za kujivunia, ila zilinifikisha chuo cha ualimu.

Sijui kama utaipenda kalkulasi. Ila mtafute mwenzako mmoja umwambie ukweli, kisha nendeni wote kwa mwalimu wenu. Ikishindikana kabisa, rudi nyumbani. Nitakupikia, utalala, na hakuna atakayekuuliza kitu mpaka utakapotaka kusema mwenyewe.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea kila asubuhi.