Nuhu Anataka Harusi Mwezi Ukifa

Mama Zipora, amahoro. Nisaidie kabla sijapasuka kwa hasira.

Mimi ni binti wa hapa Minago, Jumamosi hii ndiyo nikahi yangu na Nuhu, muvuvi wa ndagala, na tarehe tulichagua wakati wa mwezi mpevu kama watu wote wa ziwa hili, kwa sababu mwezi ukiwaka taa hazivuti ndagala, mitumbwi inalala mchangani, wavuvi wako nyumbani na wanaweza kuja kula na kucheza, sasa shangazi zangu wamefika toka Gatete, hina iko mikononi, mchele umeshachambuliwa, na jana Nuhu ananitumia sauti kwenye simu, hata hakuja mwenyewe, eti, "Kaoutar, usikasirike. Waingereza wanasema harusi ikikaribia miguu ya mtu inapoa na vipepeo wanaruka tumboni. Ni kawaida. Tusogeze kidogo mpaka mwezi ufe." Mama, huyu anajifunza Kiingereza tangu mwaka jana, mimi hata neno moja sijui, nikaogopa kuonekana mushamba, nikajibu "sawa". Dada yangu Aksanti anasema nimeachwa, mama anasema nivumilie. Nampenda, siwezi kudanganya, lakini nina hasira. Hii miguu kupoa iko ugonjwa wa kungoja upone, ao ananikataa?

Kaoutar, Minago

Kaoutar mwanangu, pole. Pole imeisha, sasa nisikilize.

"Sawa" ya nini? Mtu anakuvunjia harusi kwa simu, hina mikononi, na wewe unamjibu "sawa"! Aka!

Miguu kupoa kwa Waingereza ni hofu tu, na hofu siyo dhambi. Mume wangu Tadeo siku ya ndoa yetu alifunga vifungo vya shati upande, mchungaji ndiye aliyemwonyesha. Lakini alikuja! Wasiwasi, kiwewe, jakamoyo, roho juu juu: maneno ya hofu tunayo tele, na Nuhu amekua nayo. Anayekwenda kuazima ya Waingereza, tena kwa mchumba asiyeyajua, hataki kuulizwa swali.

Na hilo ni dogo. "Mpaka mwezi ufe"! Nuhu ni mvuvi, anajua kuliko mimi na wewe kwamba giza likiingia kila mtumbwi uko ziwani, na yeye mwenyewe yumo. Nani atakuja kwenye harusi hiyo, paka? Mwenye hofu anaomba siku nyingine. Huyu amekupa siku ambayo harusi haiwezekani, ili asiseme hapana kwa mdomo wake, na aibu uibebe wewe. Hapo ndipo aliponiudhi.

Leo hii, baada ya alasiri, baba yako mdogo na mshenga waende kwa akina Nuhu. Wewe usiende, usipige simu. Wamuulize mbele ya mama yake: Jumamosi unakuja ao huji? Akisema anaogopa, vizuri, hata bibi harusi anaogopa, aje hivyo hivyo. Akianza tena vipepeo, posa imekufa palepale, na usimngoje mwezi mwingine.

Mchele usirudi guniani. Jumamosi upikwe, na wewe ukae katikati ya shangazi zako umevaa nguo yako, Nuhu awepo asiwepo. Na mshenga amwambie hivi: mchanga wa Minago saa saba mchana unaunguza. Avue viatu aje. Akifika kwenu, miguu haitakuwa imepoa tena.