Eda Niliyoikaa Naif

Naif, Dubai

Dada yangu Mishi,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe na Mama. Goti lake limepoa? Ile dawa ya kuchua niliyompelekea aitumie, asiifungie kabatini kama manukato. Mimi mzima, na leo nina furaha mbaya, ndiyo maana naandika. Kwa simu siwezi, maana simu yako wifi, dada yake Athumani, huishika kama yake. Barua hii atakupa yule mama muuza madera aliyekuja huku kununua mzigo.

Unajua kwamba Athumani aliniacha, lakini hujui ilivyokuwa. Nilikuwa saluni nampaka hina bibi mmoja wa Kizanzibari, simu ikalia. Mikono imejaa, nikaiweka spika. Akaanza kufoka eti nimemjibu mama yake vibaya, kisha akasema, "Zuhura, nimekuacha talaka moja, upate adabu." Saluni nzima ilisikia. Wafilipino ninaofanya nao kazi hawakuelewa, lakini yule bibi alielewa, akanishika mkono na hina yake mbichi, ua lote likaharibika. Dada, niliona haya nikataka kufa.

Nikaenda kumuuliza shehe. Akaniambia, lau ningetaka kuachana naye mimi, ningempelekea kadhi sababu na mashahidi, kwamba hanitunzi au ananitesa. Au nijivue kwa kumrudishia mahari yake. "Lakini amekuacha mwenyewe. Eda imeanza pale pale alipotamka. Ukiziona siku zako mara ya tatu, imekwisha. Kabla ya hapo akisema amekurejea, wewe ni mkewe, utake usitake." Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Neno moja tu la mdomo wake!

Njeri, mlinzi wa duka ninayelala naye chumba kimoja, alinicheka. "Wewe unalilia miezi mitatu? Mimi nilifunga ndoa kwa ofisi ya serikali, na wakili akaniambia korti haiwezi kunisikiza kabla miaka mitatu iishe. Vumilia, khalas."

Nikavumilia. Katikati ya eda Athumani akapiga, sauti laini kama ya siku za posa. "Nikurejee, mke wangu?" Ningekataa, angenirejea pale pale. Lakini namjua, hakuna akipendacho kama kutazamwa. Nikamwambia, "Usinirejee kwa simu kama mtu anayeagiza soda. Uliniaibisha mbele za watu, nirejee mbele za watu. Nikija, ufanye karamu."

Alivyofurahi! Akasema hana haraka, kwani mwanamke anayetoka kwenda kazini kila siku hajakaa eda, itaanza kuhesabiwa nikifika nyumbani nikakaa ndani. Hayo aliyaokota barazani kwa wenzake. Nikamjibu, "Inshallah, bwana wangu," nikakata simu.

Leo asubuhi nimeziona siku zangu mara ya tatu. Nimelia chooni, kisha nikacheka mpaka Njeri akagonga mlango. Mimi si mke wake tena. Akinitaka ni posa upya, mahari upya, na ridhaa yangu. Ridhaa yangu hataipata hata akilamba sakafu ya saluni.

Sasa nisikilize. Karamu ni Ijumaa, baada ya sala. Usimwambie mtu. Muache Athumani apike pilau na kualika mtaa mzima, mama yake avae dhahabu zake zote. Nimemwambia asinifuate uwanja wa ndege, nitakuja na teksi. Siji, Dada. Hata tiketi sijakata. Ami yetu Bakari akae ubavuni mwa Athumani, maana sheria hii anaijua na haogopi kelele za mtu.

Msalimie Mama, umwambie anisamehe kwa kumficha. Nisalimie shangazi aliyenifunda, na mumeo, shemeji yangu mpole. Wifi usimsalimie.

Ijumaa nitapiga watu wakishanawa mikono. Pokea wewe, uiweke simu katikati ya busati mbele ya Athumani, kisha uiweke spika.

Nduguyo,
Zuhura