Kitalu cha Darasa la Pili

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Ukungu tena. Nimegonga chuma saa moja na nusu bila kumwona mtoto hata mmoja. Wamekuja sauti kwanza, miguu baadaye. Thelathini na wanane. Darasa la kwanza kushoto, la pili kulia, mimi katikati. Madirisha hayana mbao, kwa hiyo wingu limeingia likakaa nao kwenye benchi la nyuma. Nilitaka kuliandika kwenye daftari la mahudhurio.

Saa nne tarishi amefika na baiskeli. Barua ya Ofisi ya Elimu. Mkaguzi atakuja tarehe 18 Novemba kuamua kama tutapewa darasa la tatu. Anataka kuona mambo matatu: chumba, usomaji, na kitalu cha kahawa kilichooteshwa na watoto wenyewe kutoka kwenye mbegu.

Chumba tunacho, Ta Rwegasira, mzee mwenye nyumba wangu, na wazee wenzake wa kanisa wamekwisha kukiezeka. Kusoma wanasoma. Kitalu ndicho kinanikosesha raha. Baba yangu ni fundi cherehani mjini Bukoba. Kwetu kahawa ilitoka sokoni, na jembe nililijua kwa jina.

Lakini nalitaka darasa hilo. Wapo tisa wanaomaliza la pili mwaka huu. Shule ya karibu yenye la tatu iko ng'ambo ya bonde, na mvua zikianza njia inalala chini ya maji mpaka Juni. Bila la tatu hapa, tisa hawa wanarudi migombani, basi.

Ijumaa, 10 Septemba

Juzi niliwaambia kila mmoja alete konzi moja ya kahawa kutoka kwao, iliyo nzuri kuliko zote, kwa ajili ya kazi ya Mkaguzi. Leo wameleta. Hakuna aliyesahau. Imefungwa kwenye majani ya mgomba, fundo zuri, kamba ya mgomba. Mtu angedhani tunaoza binti.

Nimezimimina zote kwenye kikapu. Kavu, nyeusi nyeusi, na maganda yake. Darasa zima limenukia. Harufu tamu ya majani, nimeijua tangu utotoni nisiweze kusema ni ya nini. Nimefundisha saa nzima nikiwa mlevi wa harufu.

Jumatatu, 13 Septemba

Tumepanda. Darasa la pili wamelima tuta, wakachanganya samadi, wakajenga paa dogo la nyasi juu yake. Wanajua kazi hii kuliko mimi. Kila mtoto kati ya wale tisa ana mstari wake, na kijiti chenye jina lake.

Niliwaonyesha kina cha shimo, kidole kimoja, kama kitabu kinavyosema. Wakaangalia mbegu mkononi, wakaniangalia mimi. Kemilembe, msichana anayeongoza kwa hesabu, alisimama na konzi yake muda mrefu kabla ya kuinama. Nilifikiri anasali.

Mikono yangu ina malengelenge. Nina furaha ya kijinga.

Jumatano, 29 Septemba

Wanamwagilia asubuhi na jioni, kwa vibuyu, wakiimba hesabu ya mara saba. Ardhi imesikia mara saba mpaka ingeweza kujibu.

Baada ya masomo nakaa kwenye kizingiti. Ukungu unapanda kutoka bondeni, unameza migomba, unameza njia, unabakiza paa la kitalu peke yake likielea. Naliona darasa la tatu. Benchi nne mpya. Ramani ya Tanganyika ukutani. Mimi na chaki nzima, si vipande. Nawafundisha mito. Wanauliza maswali nisiyoyaweza.

Nimeunguza maharage nikiota hivyo. Nimekula hivyo hivyo.

Jumamosi, 16 Oktoba

Hakuna kitu bado. Kitabu kinasema wiki sita mpaka nane. Tuko ya tano. Nimelala kifudifudi kando ya tuta, shavu kwenye udongo, nikatazama mstari kwa mstari. Sisimizi. Nimesinzia pale pale. Nikaota majani mawili mawili yanafunguka, maelfu, na yanatoa sauti ndogo ya mtu anayefungua daftari.

Nimeamka na udongo sikioni.

Jumanne, 26 Oktoba

Wiki ya sita imepita. Tuta tupu, jeusi, laini. Limemwagiliwa vizuri mno.

Nimewachapa. Wote tisa, viboko viwili viwili. Nilisema hawamwagilii, nilisema wanachezea kitalu. Kemilembe alinyoosha mkono, akapokea, akarudi kuketi. Wala hawakununa. Jioni wakaenda kumwagilia kama kawaida, wakaimba mara saba.

Sijapenda nilivyokuwa leo. Mkono ulikuwa wangu, siwezi kumsingizia mwingine.

Jumapili, 31 Oktoba

Baada ya ibada Ta Rwegasira amenikaribisha kwake. Ni mzee wa kanisa, ndiye aliyenipa chumba cha kulala, na mkewe Ma Eliza ndiye anayenisaidia kunenepa. Nyasi mpya sakafuni. Tumeketi. Ma Eliza akaleta kikapu kidogo cha amwani, kahawa ya kutafuna, ile ambayo hakuna mgeni anayeingia nyumba ya Mhaya asipewe.

Nikaweka moja mdomoni. Harufu ikanipanda puani.

Ndiyo hiyo. Ile ile ya darasani. Nimetafuna amwani tangu sijaota meno yote na sikuwahi kuuliza zinatengenezwaje. Nikauliza. Ma Eliza akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto: inachumwa mbichi, inachemshwa na majani yenye harufu, ndipo inaanikwa.

Inachemshwa.

Tumepanda mbegu zilizopikwa. Mistari tisa. Wiki saba tunamwagilia chakula.

Nilimwambia Ta Rwegasira. Alicheka mpaka akashika nguzo. Nikamuuliza, kwa hasira, kwa nini wazazi wote walitoa ya kutafuna. Yeye akashangaa swali, akaniita waitu, neno letu la heshima.

"Mwalimu, waitu, tulisikia Mkaguzi anakuja. Mgeni wa shule ni mgeni wetu. Ulitaka tumtolee ya kuuza?"

Nikamuuliza, na mliposikia nimezifukia ardhini?

"Tukasema, ndiyo elimu hiyo."

Nikacheka nami. Halafu nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya mgomba. Siku kumi na nane zimebaki. Hakuna mbegu ya kahawa duniani inayoota kwa siku kumi na nane.

Jumatatu, 1 Novemba

Nimewauliza wale tisa kama walijua. Walijua. Wote. Tangu konzi ya kwanza. Hata darasa la kwanza walijua.

Kwa nini hamkusema? Mwisho Kemilembe akasema, sauti ya chini, "Mwalimu ulisema tupande."

Aibu imenivaa kuanzia utosini. Walichapwa wakijua. Walimwagilia wakijua, asubuhi na jioni, kwa heshima yangu.

Nimewaomba radhi mbele ya darasa. Sijawahi kusikia mwalimu akifanya hivyo na wao pia hawajasikia, walitazama miguu yao. Halafu nimewapa amri mpya. Mwalimu akikosea, inua mkono, sema. Tumefanya mazoezi. Nimeandika ubaoni saba mara tisa ni sitini na moja, nikasubiri. Dakika nzima. Wamejikuna, wametazamana. Mkono wa Kemilembe ukapanda polepole. Mwalimu umekosea, waitu, ni sitini na tatu.

Darasa zima likapumua. Hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote nilizofundisha tangu nije hapa.

Jumamosi, 6 Novemba

Sikuwaita. Wamekuja wenyewe alfajiri, wazazi karibu wote, Ta Rwegasira mbele. Kila mmoja na jani la mgomba mkononi, na ndani yake donge la udongo lenye mche. Chini ya mibuni mikongwe kahawa huanguka na kujiotea yenyewe, huwa wanaing'oa na kuitupa. Leo wameichimbua kwa vidole, wakaileta kama mayai.

Nilipaswa kusema hapana. Barua inasema kutoka kwenye mbegu, na watoto wenyewe. Sikusema. Nilishika jembe.

Kufika saa tano tuta limejaa. Kijani mistari tisa. Majani mawili mawili, mengine manne. Ukungu ulikuwa haujaondoka na miche ilikuwa na matone juu yake. Ni kama ndoto yangu, ila haikutoa sauti.

Hakuna aliyesema tutamwambia nini Mkaguzi. Mimi najiambia kwamba mche ni mche. Najua ninavyojidanganya.

Jumatano, 17 Novemba

Kesho. Sakafu imefagiliwa mara mbili. Wale tisa wamefua sare, zimeanikwa kwenye ua wa kanisa, suruali saba na magauni mawili, ukungu unapita ndani yake na kuzijaza. Nimekaa kuzitazama kwa muda. Zilikuwa zinatembea kidogo.

Miche imeshika. Hata mmoja haujafa.

Alhamisi, 18 Novemba

Ameacha gari barabarani, tope, akaja kwa miguu. Mzungu mrefu, mpole, Kiswahili kizuri. Amesikiliza darasa la kwanza wakisoma silabi. Amewapa darasa la pili kitabu wasichokijua, wakakisoma bila kukwama. Amewauliza hesabu za kichwa, wakamjibu kabla hajamaliza. Niliona anaandika na kutabasamu. Nilikaribia kugusa paa kwa furaha.

Halafu kitalu.

Akachuchumaa. Akagusa jani. Watoto wamepanga mstari nyuma yake, Ta Rwegasira na Ma Eliza pembeni na kikapu cha amwani. Akaniuliza mmepanda lini.

Ningeweza kusema ukweli, ulikuwa mdomoni. Nikasema, wiki tisa zilizopita, Bwana, kwa mbegu.

Mkono ukapanda.

Haukusita safari hii. Mkaguzi akamwonyesha kidole aseme. Kemilembe akasimama wima, akasema, "Mwalimu amekosea, Bwana. Za wiki tisa zilikuwa zimechemshwa, hazikuota. Hii imetoka kwetu, ina wiki mbili."

Akaniangalia akisubiri nimsifu. Hakuwa na ubaya hata kidogo. Alinisahihisha kama nilivyomfundisha.

Mkaguzi akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Nikamsikia Ta Rwegasira akivuta pumzi. Nikamwambia Kemilembe, vizuri, kaa. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, amesimama pale pale. Ma Eliza akamfikishia kikapu. Alichukua moja, akatafuna, akashukuru. Akaondoka kwenda kwenye gari lake.

Ijumaa, 19 Novemba

Nilimchukia Kemilembe kutoka saa mbili mpaka saa sita. Mtoto wa miaka kumi na miwili. Nimeona aibu kuliandika lakini ndivyo ilivyokuwa. Sikumtazama. Nilimpita nikigawa daftari.

Saa sita akaja mezani na hesabu zake. Amekosa moja. Akanionyesha mwenyewe kabla sijaiona. Nikaweka kalamu chini. Hasira ikaisha, sijui imekwenda wapi.

Wazazi hawamsemi vibaya, wala hawanisemi mimi. Wanasema mvua ni nyingi mwaka huu.

Jumanne, 30 Novemba

Hakuna barua. Mvua. Njia ya bondeni imezama, Ta Rwegasira alikwenda mpaka ukingoni akarudi. Mafunjo tu na maji.

Watoto wanaendelea kumwagilia miche wakati mvua inanyesha. Nimewaambia si lazima. Wamenielewa, wakaendelea. Nimesimama mlangoni nikawatazama, vibuyu vinajaa kutoka juu kadiri vinavyomwagwa chini. Nimesahau kugonga chuma cha kutoka. Hakuna aliyenikumbusha.

Jumatatu, 6 Desemba

Tarishi amezungukia barabarani, amelowa chapachapa. Barua imelowa pembeni. Niliifungulia chumbani, mlango nimefunga.

Darasa la tatu limekubaliwa, kuanzia Januari. Benchi nne. Ramani moja.

Mstari wa chini: atatumwa mwalimu mwenye cheti cha kilimo kulisimamia. Mwalimu wa sasa atahamia shule ya upande wa Muleba, darasa la kwanza.

Hakuna neno lolote kuhusu kitalu. Hakukuwa na haja.

Nimesoma mara tatu. Kisha nimekwenda kugonga chuma, ingawa haikuwa saa yake, na kuwaambia tisa. Wameruka, wamepiga kelele mpaka Ma Eliza amekuja na mwiko mkononi. Nikaruka nao. Furaha yangu ilikuwa ya kweli, nusu yake. Ile nusu nyingine niliimeza. Habari ya Muleba nitawaambia kesho.

Ijumaa, 10 Desemba

Siku ya mwisho ya muhula. Wameondoka mapema, sauti zimekwenda mwisho, baada ya miguu. Shule tupu ina mwangwi mzuri.

Nimekaa na daftari jipya la mahudhurio la darasa la tatu. Ukungu umeingia, umekaa, sijaufukuza. Nimepiga mistari kwa rula. Nimeandika majina tisa, kwa wino mweusi, bila haraka, ningeweza hata kuandika moja kwa siku. Mwandiko mzuri, nisamehewe kujisifu. Mahali pa jina la mwalimu nimepaacha wazi.