Mutoto Anayefunga Mikono kwa Kikwembe

Mama Fatouma wa Kabondo, umekawia. Vita iliisha, watu walijenga tena, soko ikafunguka, na wewe miaka miwili ulikuwa wapi? Nyumba yangu iko pale pale karibu na maporomoko, na gazeti hili linatoka kila juma. Hubert, mujukuu wangu, ndiye macho yangu. Amenisomea barua yako mara tatu. Wasomaji, sikieni nanyi.

"Mupendwa koko Pétronille, nyanya yetu, naomba unisaidie maana nimeshindwa, mutoto wangu Madina iko na miaka saba na tangu miaka miwili hagusi mutu, anafunga mikono katika kitambaa, kipande cha kikwembe changu, hata kula anakula peke yake, na mimi ndiye nilianzisha, koko, sikufichi. Wakati wa waasi wale wa Simba mutoto wangu wa kwanza Amuri aliingia nao, wakamunyunyizia dawa ili risasi zigeuke maji, wakamupa sheria kwamba mwanamuke asimuguse, hata mama, hata mutoto wa kike, na asubuhi moja kamyo iliyowabeba ilisimama mbele ya nyumba, mimi nikabaki mulangoni, lakini Madina akaponyoka, 'Yaya! Yaya Amuri!', ndivyo alivyomuita kaka yake, akamukumbatia miguu, wenzake wakapiga kelele, na nyuma ya siku tatu tukaambiwa Amuri amepigwa risasi, ameanguka kwenye njia ya uwanja wa ndege. Kwenye matanga, mbele ya wamama wote, nilimwambia Madina, 'Ni wewe. Ulimugusa, ulimuua.' Sijarudilia neno lile, lakini sijalifuta. Sasa nimezaa Asumani, iko na miezi kumi, na juma lililopita alitambaa mpaka kwenye makaa ya moto, Madina alikuwa karibu, akalia, akaita, lakini mikono hakuitoa, mutoto akaungua kiganja, na mimi nikamupiga Madina juu ya mikono ile ile. Bwana wangu Lukumani anasema mutoto huyu ameharibika, Alhamisi apande treni aende Ubundu kwa shangazi yake. Je, nimuache aende?"

Hapana. Treni iende bila yeye.

Fatouma, kwanza nilitaka kukupiga. Nyuma nilitaka kukupikia. Ulikuwa umefiwa, kinywa kikatapika uchungu, bon, nimeelewa. Lakini ulitapika juu ya mutoto wa miaka mitano, ukamuacha miaka miwili bila kumupangusa. Ameharibika wapi? Anawalinda! Alimuona Asumani mbele ya moto, akafikiri: nikimugusa atakufa kama yaya. Mikono yake anaiona mibaya kupita moto. Na wewe ukaipiga.

Sasa nitasema kitu ambacho sijamwandikisha Hubert hata siku moja. Urbain, mutoto wangu, alipata dawa ile ile, sheria ile ile, na mimi sheria niliishika. Siku ya kumuaga nilisimama mbali kama mutu amekuja kununua samaki, mikono nyuma. Alinitazama, akacheka kidogo: "Eh, mama, hata wewe unaniogopa?" Akaenda. Hakuna mwanamuke aliyemugusa, na risasi haikugeuka maji. Alors, Urbain nani alimuua? Mwenye bunduki. Kama vile Amuri. Katika nyumba yako mutu mumoja tu alimuaga Amuri vizuri, na ndiye munataka kumutupa Ubundu.

Leo, jua halijashuka, kaa chini mbele ya Madina, umwambie: "Mama alisema uongo. Risasi ilimuua Amuri." Lukumani naye aseme, kwa kinywa chake. Na wale wamama wa matanga uwaite, kwa sababu walisikia hukumu na wakanyamaza; wasikie na hii. Usimufungue kikwembe kwa nguvu. Atakataa, utachoka, utasema tena kesho na kesho kutwa. Kula naye sahani moja. Mulalishe Asumani karibu naye, wewe mwenyewe ukiwa pale, lakini usimwamuru kumubeba. Fimbo tupa mutoni. Siahidi kwamba atapona haraka. Mimi mutu muzima, na mikono yangu bado inamutafuta Urbain.

Jumapili njoo naye kwangu, samaki iko. Njiani usimuvute. Acha mukono wako uning'inie wazi kando yake, na utembee polepole. Asipoushika mukija, uuache wazi vile vile mukirudi.