Maswali Kumi na Sita ya Daktari Florence

Likoni, Mombasa,
14 Agosti 1961.

Mpendwa Dada Dhahabu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Tanga mkiwa wazima, wewe, shemeji na watoto. Sisi hapa hatujambo. Goti la Mama limepoa; sasa hupanda feri mwenyewe kwenda sokoni, wala hataki kushikwa mkono.

Pale zahanati nimepewa kazi mpya, dada, hata chakula nakila nikiiwaza. Amekuja daktari wa Kizungu, Bibi Florence, apimaye dhiki. Si homa wala tumbo: dhiki ya moyoni. Ana karatasi ya maswali kumi na sita, nami ndiye niliyeyatia Kiswahili. Kila mtu huulizwa mara mbili, wiki tatu zikipita kati. Majibu yakilingana, karatasi yaaminika.

Mwezi wa nne nilimwuliza Nyevu, jirani yetu ashonaye makuti. Swali la kwanza nililiandika, "Walalaje usiku?" Akajibu, "Salama." Yote kumi na sita yakawa salama na alhamdulillahi. Nikarudi mwezi wa tano, nikapata yale yale. Watu thelathini na wawili kati ya arubaini walikuwa hivyo hivyo, na daktari akafurahi mno.

Mimi nikaingiwa na shaka. Ukuta wetu na wa Nyevu ni mmoja, nami humsikia akilia alfajiri tangu Nzai, mumewe, aende kazini bara asiandike. Nikamwendea bila karatasi, nikaketi. "Nyevu, mbona uliniambia salama?"

Akaacha kushona. "Ishaka, wewe ulinisalimu, nami nikakujibu. Mtu amesimama mlangoni akuamkia, utamwambia una jambo?"

Wallahi nilicheka, kisha nikaona haya. Maswali yangu yote yalikuwa maamkizi! Nikaogopa kibarua changu kuota nyasi, lakini nilimweleza daktari. Akachukua kalamu, akauliza, "Sasa tuulizeje?"

Tukaandika upya: "Wiki hii ni siku ngapi umeamka kabla ya alfajiri, usipate usingizi tena?" Nyevu akasema siku tano. Wiki tatu baadaye, tano tena. Mama aliposikia, akamwita aje kushonea makuti barazani kwetu, na sasa wanashinda pamoja. Majibu ya wengine yapanda na kushuka, nami hata leo sijui kama karatasi ndiyo iyumbayo au ni mioyo ya watu.

Sasa lako, dada. Jana nilizipanga barua zako tisa juu ya mkeka. Zote zalingana: hujambo, shemeji hajambo, huna la kusema. Naye Yeslam muuza vitambaa, alipotoka Tanga, aliniambia umekonda hata bangili zakutoka mkononi. Mama hajaambiwa.

Basi nakuuliza: mwezi huu ni siku ngapi umekula ukashiba? Niandikie idadi tu, hata bila neno jingine, na barua uitume kwangu zahanati, si nyumbani. Nimekwisha omba ruhusa ya siku nne. Idadi ikiwa ndogo, nitakuja kukuchukua.

Mama akusalimu sana, na Nyevu pia. Wabusu wanao, Suad na Boga. Mungu akufunike kwa rehema zake mpaka tuonane.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Ishaka