Babu Hakuwa Mfanyabiashara wa Tianjin

Kijiji cha Luan,
Kando ya Mfereji Mkuu,
Hebei.
8 Machi 1998

Mpendwa Kaka Chengye,

Pokea salamu za huku kwenye upepo na vumbi. Kifua chako kimetulia? Wifi naye, magoti yanamwachia? Najua huko Golmud barafu bado haijaondoka, na uta wako wa kupigia pamba ya mablanketi unalia tangu alfajiri, maana baridi ya watu ndiyo riziki yako. Sisi hatujambo. Ngano imeanza kuwa kijani. Mama amefikisha miaka sabini na tisa, meno yamebaki matatu, na bado ananishinda kwa maneno.

Barua yako ya mwezi wa kwanza niliipata. Nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa hasira. Unasema kamati ya kitabu cha ukoo imekuandikia kwamba Babu ataingizwa kama “mfanyabiashara wa dawa, Tianjin”, na kwamba wewe, mjukuu mkubwa wa tawi letu, huoni ubaya kutia dole gumba ili yaishe. Unasema pia watu wa huko wamekuita mhamaji miaka kumi na saba, umechoka, na Babu apumzishwe jina hilo angalau kaburini.

Kaka, uchovu wako nauheshimu. Hoja yako siiheshimu hata kidogo.

Babu Dehai hakuwa na duka Tianjin wala penginepo. Alikuwa na upatu, kibuyu na mkeka. Alichora mduara vumbini, akavunja tofali kwa kichwa, akauza plasta za mgongo. Plasta zenyewe zilikuwa utomvu wa msonobari na pilipili. Ziliwasha mno, na aliyewashwa alisahau kilichomuuma. Naam, alidanganya. Sitaki aandikwe mtakatifu. Nataka aandikwe.

Nimefundisha lugha miaka ishirini na tatu, na nimegundua kwamba misemo yetu mingi kuhusu watu wa mto na ziwa, wale wanaokula kwa kutangatanga, ilitungwa na watu waliokaa kitako nyumbani. “Nani ajuaye kibuyu chake kinauza dawa gani?” Wakimaanisha tapeli. “Sungura mjanja ana mashimo matatu.” Wakimaanisha mtu asiyeaminika. Hawakumuuliza sungura. Sungura mwenye shimo moja ni kitoweo! Walio njiani nao walikuwa na yao, ila hawakuwa na karani wa kuyaandika: “Mti ukihamishwa hufa, mtu akihamishwa huishi.” “Nyumbani tegemea wazazi, njiani tegemea marafiki.” Hii Babu aliisema akila, akitembea, akivua viatu. Ndiyo elimu aliyotuachia, na Zhiwen, karani wa kamati mwenye mwandiko mzuri, anataka kuifuta kwa kalamu moja ya brashi.

Basi Jumapili iliyopita niliingia mkutanoni kwao, kwenye nyumba ya wahenga. Wanawake hatukualikwa. Nilikuwa nimefunga upatu wa Babu kwenye aproni.

“Mwalimu Shuqin,” Zhiwen akaniambia, “umepotea njia? Jiko liko nyuma.”

“Jikoni nimeshapita. Wake zenu wanawasalimu, wanauliza mtamaliza lini kunywa chai yao.”

Wazee wakacheka, yeye hakucheka. Akafungua kitabu cha zamani, akanisomea sheria ya saba ya ukoo: anayekula kwa kupiga upatu barabarani, jina lake lisiingie kitabuni.

“Tumemfanyia babu yako hisani,” akasema. “Tungeweza kumwacha nje kabisa. Tumempa duka.”

“Duka lenyewe liko mtaa gani?”

“Ule… wa karibu na mto.”

“Tianjin imejaa mito, Zhiwen. Chagua mmoja.”

“Haya sasa, hili si gazeti la wilaya unaloliandikia! Hapa hatujibizani kila wiki.”

Kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa Baba Mdogo Guangtai, mwenyekiti wao. Ana miaka sabini na minne, anatembea na mkongojo, na neno lake ndilo la mwisho. Alikuwa anatazama sakafu tu. Yeye alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne waliotoka na Babu mwaka wa ukame, nzige walipomaliza kilichobakizwa na jua. Mama naye alikuwamo, na marehemu mama yako, mke wa ndugu yake Baba, tumbo likiwa limeshaonekana. Walitembea kuelekea kaskazini hadi nje ya Ukuta Mkuu, na Babu alimpa kila mmoja kazi yake ndani ya mduara. Miaka hamsini na mitano Baba Mdogo hajawahi kumwambia mtu kazi yake ilikuwa ipi. Lakini mimi nilishaambiwa na Mama.

Nikatoa upatu. Nikaupiga mara tatu, nikanyamaza, nikaupiga mara moja, kama Babu alivyokuwa akiupiga uani tukiwa watoto. Kisha nikapaza sauti:

“Mwenye fedha atuunge kwa fedha, asiye na fedha atuunge kwa kusimama! Mzima simuuzii, mgonjwa simkimbii! Nani hapa mgongo unamla?”

“Mimi hapa, bwana! Miaka mitatu sijainama kufunga kiatu!”

Kaka, alikuwa Baba Mdogo Guangtai. Sauti ilimtoka kabla hajaijua. Alikuwa ameshanyanyuka nusu, mkono mmoja kiunoni, uso umekunjamana kwa maumivu ya uongo. Mkongojo ulianguka. Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, hata yule mzee kiziwi wa tawi la mashariki, ambaye sijui alisikia nini.

Kicheko kikaisha, yeye bado amesimama. Hakukaa.

“Pale Jinzhou,” akasema taratibu, “niliponywa mara kumi na tisa kwa siku moja. Baba Mkubwa Dehai alibandika, akabandua, akabandika. Ngozi ya mgongo ilitoka. Jioni tukapata vibaba viwili vya mtama, tukampikia uji mke wa binamu yangu, aliyekuwa amejifungua asubuhi ile kwenye banda la nyumbu.”

Hapo nilikusikia wewe, Kaka. Banda lile ni lako. Mama ndiye aliyekata kitovu chako, kwa kisu cha kukatia plasta.

“Mwandikeni alivyokuwa,” Baba Mdogo akasema.

“Na sheria ya saba?” Zhiwen akauliza.

“Sheria hiyo ilikuwepo mwaka ule. Haikutupikia.”

Ningetamani kukuambia mambo yaliishia hapo. Zhiwen si mjinga. Akatoa barua uliyoiandikia kamati, akaisoma mbele ya wote: Chengye ameukubali ukurasa wa Tianjin, na bila dole la mjukuu mkubwa tawi haliingii. Hata Baba Mdogo hawezi kuvuka hilo. Zhiwen akanikabidhi kurasa mbili, ule wa Tianjin na mpya ulioandikwa palepale, akasema utakaorudi na dole lako kabla ya siku ya kufagia makaburi ndio utakaochapwa. Usiporudi wowote, nafasi yetu itabaki nyeupe.

Sasa nisikilize. Kwenye ukurasa wa Tianjin si Babu peke yake aliyehamishwa. Wewe pia umeandikwa umezaliwa Tianjin, nyuma ya duka. Hakuna banda, hakuna uji, hakuna Baba Mdogo aliyechunika mgongo kwa ajili ya maziwa ya mama yako. Walitoka kumi na wanne, wakarudi kumi na watano, na wa kumi na tano anataka kutia dole kwamba safari haikuwapo! Wanaokuita mhamaji hawakukutukana. Wamesoma ukoo wako vizuri kuliko kamati yetu.

Ukurasa mpya nimeuweka humu, pamoja na wino mwekundu niliouzungushia nailoni. Unasema: “Luan Dehai. Aliuza dawa barabarani. Mwaka wa ukame aliwatoa watu kumi na wanne, akawarudisha wote, na mmoja zaidi.” Maneno ya mwisho ni ya Baba Mdogo. Sikuyagusa, ingawa vidole viliniwasha.

Msalimie sana Wifi, na binti yenu Xiaohe. Mwambie shangazi yake anasubiri picha ya harusi. Mama anakusalimu. Anasema siku uliyozaliwa ulilia kuushinda upatu, na tangu hapo hajui nini kimekupoza. Baba Mdogo Guangtai anakusalimu pia. Anaomba, ukija, umletee pamba safi ya mgongo, maana sasa unamuuma kweli.

Njia zako zote ziwe na maji na kivuli, na mlango wowote utakaobisha ufunguliwe na mtu aliyekwisha kupika.

Ni mimi dada yako mdogo, nikupendaye hata nikikufokea,

Shuqin

Nyongeza: Usihangaike kutafuta ukurasa wa Tianjin ndani ya bahasha. Leo asubuhi nimeutumia kuwashia jiko, nikamchemshia Mama uji wa mtama.