Mwaloni wa Dada Enid

Netherfold, Kent
4 Septemba 1987

Mdogo wangu Rodney,

Hujambo? Mguu umepoa? Mimi kifua bado kinakwaruza, na daktari kaniambia tena, "Bi Enid, hama, nyumba hii haina jua." Kana kwamba sijui! Saa nane mchana nawasha taa ndipo nione sukari.

Bwana Pettifer yuko tayari kuinunua, ila anataka kujenga palepale uliposimama huu mti wa mwaloni unaonizibia jua. Halmashauri wamekataa tena usikatwe. Unalindwa na sheria, hata tawi siruhusiwi kugusa. Mizizi imepasua ukuta wa jikoni, na ukuta hauna wa kuulinda. Nimechoka, Rodney. Nataka kuja kwako.

Dada yako,
Enid

Scarborough
11 Septemba

Dada,

Shikamoo. Mguu umepona, sasa ni zamu ya jino. Tangu mke wangu Beryl afariki nakula samaki na viazi vya kukaanga siku nne kwa wiki, kwa hiyo njoo unipikie kabla sijaota mapezi. Chumba chako kipo, jua tangu asubuhi. Huo mti mkaidi kumzidi baba! Hivi nani aliwatuma halmashauri waulinde?

Mdogo wako,
Rodney

Netherfold
20 Oktoba

Mdogo wangu,

U mzima? Mimi ile dhoruba ya wiki iliyopita haikunigusa. Sikiliza sasa: mwaloni umeegemea paa! Afisa wa miti kautazama, kasema ni hatari, ukatwe. Nimecheza jikoni peke yangu, mtu mzima wa miaka sitini na moja. Tandika kitanda!

Dada yako,
Enid

Netherfold
15 Novemba

Rodney,

Habari za huko? Nimekaa kimya kwa aibu. Mwaloni ulikatwa, jua likaingia hadi kabatini, siku tisa nzima. Kisha ikaja barua ya halmashauri: mwenye ardhi apande mwingine wa aina ileile, mahali palepale, nao utalindwa vilevile. Nimeshaupanda. Unanifika gotini. Pettifer kaenda zake.

Uliuliza nani aliwatuma. Ni mimi. Mwaka 1953, baba alipokupa ile pembe ya bustani yenye mwaloni ujenge, uishi na Beryl, niliwaandikia waulinde. Sikutaka kumsikia akicheka uani kwetu kila siku. Mkahama, nikabaki na wazee, halafu na mti. Nisamehe.

Dada yako,
Enid

Scarborough
18 Novemba

Dada,

Shikamoo. Jino limeng'olewa. Na tulijua. Karani wa halmashauri alituonyesha barua yako wiki ileile, nani asiyeujua mwandiko wako? Nilikasirika mwaka mzima. Beryl ndiye aliyesema, "Mwache, siku moja atalichoka giza." Chumba hicho alikupakia rangi yeye mwenyewe, ya njano, mwaka 1961. Achana na Pettifer. Funga mlango, panda treni ya Jumamosi. Nitakuwa stesheni.

Mdogo wako,
Rodney

Netherfold
12 Desemba

Mdogo wangu,

Natumaini baridi ya stesheni haikukudhuru. Sanduku lilikuwa tayari, nikafika nalo hadi getini, nikarudi. Miaka ishirini na sita mlinisubiri, Rodney! Na kadi za Beryl za Krismasi nilikuwa nawashia moto bila kuzifungua. Nitalalaje katika chumba kile?

Mche umebakiwa na majani matatu. Afisa anasema ukifa, nipande mwingine. Nimeuzungushia gunia usipigwe na barafu.

Usinisubiri tena.

Dada yako,
Enid